Pikipiki za Umeme za Bei Nafuu Kutoka Nje: Ipi Inafaa Barabarani, Ipi Uiache

Pikipiki ya umeme ya bei nafuu inaweza kukutumikia vizuri barabarani kwa miaka. Inaweza pia kukaa uani bila namba, ikishika vumbi, kwa sababu aliyeinunua alitazama kasi na wati akasahau kuuliza kama inasajilika. Picha za matangazo zinafanana mno, na mara nyingi chombo kilekile huuzwa kwa majina matatu au manne tofauti kutegemea nani kakibandika stika. Ndiyo maana hapa sipangi majina ya kampuni. Napanga aina, kuanzia ile ninayoweza kumshauri ndugu yangu ainunue hadi ile ninayoweza kumnyang'anya pochi asiilipie. Ninaangalia karatasi kwanza, kisha betri, kisha breki. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye tangazo inakuja nyuma kabisa.

Karatasi kabla ya pesa

Wauzaji wengi wakiulizwa kuhusu vibali hujibu "ina CE". Jibu hilo halitoshi. CE ni alama ya bidhaa za kawaida sokoni Ulaya, na haikipi chombo ruhusa ya kutembea barabarani. Unachotafuta ni cheti cha mtengenezaji kinachosema kuwa aina hiyo ya pikipiki, kwa jina lake na namba yake, imepimwa na kuidhinishwa kama chombo cha barabarani, na kipo katika daraja gani. Pikipiki nyingi za kuuzwa nje ya China hutengenezwa kwa kufuata madaraja ya Ulaya. L1e-B ni ile isiyozidi kilomita 45 kwa saa na kilowati 4. L3e-A1 ni pikipiki nyepesi isiyozidi kilowati 11. Hata kama unakoishi hawatumii madaraja hayo, cheti cha namna hiyo ni ushahidi kwamba kuna mtu alipima breki, taa na fremu kabla yako.

Baada ya hapo tazama chombo chenyewe. Kwenye kioo cha taa ya mbele, taa ya nyuma, indiketa na vioo vya pembeni kunatakiwa kuwe na alama ndogo ya herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Taa isiyo na alama hiyo mara nyingi ni pambo tu. Kisha chuchumaa utazame shingo ya fremu, karibu na usukani. Namba ya chesisi iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe, iwe na tarakimu na herufi 17, na ifanane moja kwa moja na ile ya kwenye kibati na kwenye karatasi. Namba za China huanza na L. Herufi I, O na Q hazitumiki kamwe katika namba hizi, kwa hiyo ukiona mojawapo, au ukiona namba ni stika inayobanduka kwa ukucha, funga mazungumzo.

Wasiliana na mamlaka ya usajili ya kwako kabla ya kulipa hata malipo ya awali, ukiwa na nakala ya cheti mkononi. Muuzaji anayesema "karatasi zitakuja na mzigo" anakuomba ununue usichokiona.

Hesabu ya betri inafanyika kwa kalamu

Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 72 na ampea-saa 20 inabeba wati-saa 1,440. Skuta nyepesi ikienda kilomita 45 kwa saa hula takribani wati-saa 25 hadi 35 kwa kila kilomita. Chukua 30: unapata kilomita 48 ikiwa mpya, ikiwa imejaa, na ukiimaliza yote. Bakiza moja ya tano, kwa sababu hakuna anayetaka kusukuma pikipiki, na una kilomita 38 hivi. Tangazo lake huenda linasema 100. Ile 100 ilipatikana kwa mpanda mwepesi kwenye barabara tambarare akienda kilomita 25 kwa saa. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka 45 kwenda 80 unazidi mara tatu, na matumizi yanapanda hadi wati-saa 40 au 60 kwa kilomita. Betri ileile sasa inakufikisha kilomita 24 hadi 36, bila akiba.

Sasa, je, hizo ampea-saa zipo kweli? Betri zinazotangazwa kubwa kuliko zilivyo ni nyingi, na kuna njia mbili za kuzijua bila kuzifungua. Ya kwanza ni mizani. Kwa ukubwa wa betri nzima, lithiamu ya kawaida hubeba takribani wati-saa 150 hadi 200 kwa kilo, na ile ya fosfeti, inayoitwa LFP, hubeba 100 hadi 130 hivi. Mtu akikuambia betri ni volti 72 na ampea-saa 40, hizo ni wati-saa 2,880, nawe ukaipima ukakuta kilo 9, amekuambia kitu kisichowezekana. Ya pili ni saa. Chaja ya ampea 5 inahitaji walau saa nne kujaza ampea-saa 20. Iendeshe hadi ikaribie kuisha, ichomeke, uone. Ikijaa ndani ya saa mbili na nusu, umenunua ampea-saa 12.

Kati ya aina za lithiamu, mimi huchagua LFP ikiwa ipo. Ni nzito kidogo, lakini huvumilia mizunguko ya kuchaji 2,000 na zaidi, wakati lithiamu ya kawaida ya bei nafuu huanza kuchoka kati ya 500 na 1,000, na LFP haishiki moto kwa wepesi. Udhaifu wake ni baridi: kuichaji chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu. Betri za asidi nitazifikia kwenye nafasi yake. Aina yoyote ya lithiamu utakayochukua, omba ripoti ya kipimo cha UN 38.3, ambacho kila betri ya lithiamu inayosafirishwa inatakiwa iwe imekipita. Asiye nayo ameipitishaje bandarini?

1. Skuta ya lithiamu yenye cheti, ya kilomita 45 hadi 70 kwa saa

Hii ndiyo nafasi ya kwanza bila ubishi kwa anayesafiri ndani ya mji. Nguvu yake ndogo ndiyo inayoiokoa: mota haichemki, betri haikamuliwi, matairi na breki vinatosha kwa kasi iliyopo. Tafuta yenye betri ya kuchomoa ikiwa unaishi ghorofani, lakini inyanyue kwanza ujue kama mkono wako utaiweza kila jioni.

Kitu kimoja cha kukazia macho ni mota ya kwenye gurudumu la nyuma, ambayo skuta nyingi za daraja hili zinayo. Mota hiyo inapovuta, ekseli yake inajaribu kujizungusha kinyume ndani ya fremu. Inazuiwa na pande zake bapa na washa zenye jino. Kwenye pikipiki iliyounganishwa ovyo, nati hulegea, ekseli huzunguka kidogo kidogo, na waya nene za umeme zinazopita katikati yake husokotwa hadi zinakatika. Tazama kama kuna kipande cha chuma kinachoishikilia ekseli dhidi ya fremu, jaribu nati kwa spana, na angalia kama waya umekunjwa ukielekea chini kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani.

Uliza pia kuhusu mlima, kwa sababu hapo ndipo wati za tangazo huumbuka. Pikipiki ya kilo 90 na mtu wa kilo 70, kwenye mlima wa asilimia 10 kwa kilomita 30 kwa saa, zinahitaji takribani wati 1,300 kwa ajili ya kupanda tu. Ongeza abiria wa kilo 70 unakaribia 1,900, bado hujahesabu hewa na upotevu wa mota. Mota ya wati 1,000 za kudumu itafanya hivyo kwa dakika chache kisha itachemka. Soma wati za kudumu. Zile za kilele hutolewa kwa sekunde tu.

2. Pikipiki nyepesi ya kilomita 80 hadi 90 kwa saa

Inafaa kwa anayetumia barabara kuu, na inamtaka mnunuzi asiye na haraka. Betri iwe ya wati-saa 3,000 kwenda juu, vinginevyo kasi hiyo utaionja tu. Mota ikiwa katikati, ikivuta kwa mnyororo au mkanda, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na shokapu zinafanya kazi yake vizuri kwenye mashimo.

Breki katika daraja hili hazina mjadala. Ulaya, tangu 2017, pikipiki mpya za ukubwa huu lazima ziwe na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukibana breki kwa nguvu, au breki zilizounganishwa za mbele na nyuma. Dai angalau hilo. Kwenye ubavu wa tairi soma herufi ya kasi: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120. Soma na tarakimu nne za tarehe, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lililokaa bohari miaka sita lina mpira mgumu, na kwenye lami yenye maji litakuangusha hata kama halijawahi kutembea.

3. Iliyotumika, ya mtengenezaji mwenye wakala

Kwa bei ileile ya skuta mpya isiyojulikana, unaweza kupata ya miaka mitatu yenye spea, michoro ya umeme na fundi anayeijua. Hatari yote iko kwenye betri. Ijaze, ipande mlimani kwa nguvu zote, ukitazama volti kwenye mita. Zikishuka ghafla na kupanda ukiachia, seli zimechoka. Toa bei ya betri mpya kwenye bei anayotaka muuzaji, kisha ndipo muanze kupatana.

4. Skuta ya betri za asidi

Ni rahisi kuliko zote, na si takataka ikiwa safari yako ni fupi, tambarare, na unarudi mahali penye umeme kila siku. Lakini elewa unachonunua. Seti ya volti 60 na ampea-saa 20 ina uzito wa kilo 35 hivi. Ukivuta umeme mwingi kwa mpigo, betri za asidi hutoa pungufu sana ya kilichoandikwa, kwa hiyo ule umbali wa kwenye kalamu hapa haufiki. Ukiziacha zimeisha kwa wiki chache, zinakufa. Nyingi hudumu mizunguko 300 hadi 500. Weka bei ya seti ya pili kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, uone kama bado ni rahisi.

Baadhi ya vyombo vya kundi hili kwa kweli ni baiskeli za umeme zilizovuliwa pedali. Kiwango cha China cha 2018 kiliweka baiskeli hizo kwenye kilomita 25 kwa saa, wati 400, volti 48 na kilo 55. Fremu na breki zilizobuniwa kwa kipimo hicho hazikukusudiwa kubeba watu wawili katikati ya malori.

5. Ya porini iliyofungwa taa

Nyepesi, ina nguvu, inavutia vijana, na nyaraka zake nyingi zimeandikwa wazi kuwa si kwa matumizi ya barabara za umma. Kufunga indiketa na kioo hakubadilishi maandishi hayo. Ukigonga mtu, kampuni ya bima itayasoma. Vilevile jihadhari na muuzaji anayekuonyesha waya mmoja wa kukata ili skuta ya 45 ikimbie 75: ukiukata, chombo kimehama daraja na cheti chako hakikihusu tena.

6. Kubwa yenye sura ya pikipiki ya mbio, ya kuagiza kwenye kasha

Hii iache. Mwili ni wa pikipiki ya mashindano, ndani kuna mota ya gurudumu ya wati 2,000 au 3,000 na mara nyingi betri za asidi. Bei inayokuvuta ni ya FOB, yaani hadi melini tu. Nauli, bima, ushuru, kodi na gharama za bandari ni zako, na betri za lithiamu zikiwemo, mzigo unahesabiwa wa hatari, daraja la 9, na nauli inapanda. Ikifika, unaiunganisha mwenyewe: usukani, gurudumu la mbele, kalipa za breki. Plastiki ikivunjika hakuna pa kuipata, kontrola, yaani kisanduku kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, ikiungua unatafuta ya kufanana kwa kubahatisha waya.

Kama tayari umeshaiagiza na iko njiani, usiipande hadi fundi wa pikipiki aikaze yote upya. Aanze na ekseli, kalipa na beringi za usukani: ashike breki ya mbele, aisukume pikipiki mbele na nyuma, asikilize kama shingo inagonga. Achunguze maungio ya kuchomelea hapo shingoni kwa tochi, na kama kuna mahali rangi imepasuka kwa mstari mwembamba, fremu hiyo irudi kwa muuzaji.