Revit na orodha ya vifaa vya madirisha ya alumini: uzoefu wangu

Ninatumia Revit, programu ya kompyuta ya kuchora majengo, kuandaa michoro ya nyumba na maghorofa madogo hapa Dar es Salaam, na kazi ninayoitegemea zaidi ni kutoa orodha ya vifaa: madirisha mangapi, kila dirisha lina nini ndani yake, fundi alumini akate nini, mnunuzi anayekwenda Kariakoo arudi na rola (magurudumu madogo ya paneli za kuslaidi) ngapi. Kwa kuhesabu, programu hii ni nzuri sana. Kwa kujua kifaa fulani ni cha dirisha lipi, ni dhaifu, na udhaifu huo unabidi uuzibe mwenyewe.

Chukua dirisha la kuslaidi la milimita 1500 kwa 1200, lenye paneli mbili za kioo na moja ya wavu wa mbu. Kila paneli ina rola mbili, hivyo dirisha moja lina rola 6. Kwenye Revit kila kifaa kilichochorwa ili kitumike tena na tena kinaitwa familia: rola ni familia iliyo ndani ya familia ya paneli, na paneli iko ndani ya familia ya dirisha. Ukilipakia hivyo hivyo, jedwali (orodha ya hesabu inayotolewa na Revit) litaonyesha dirisha tu. Rola na paneli zitaonekana kwenye mchoro, lakini kwenye hesabu hazipo.

Dawa yake ni kisanduku cha Shared, kinachofanya familia ya ndani ihesabiwe peke yake. Fungua familia ya rola yenyewe, ingia Family Category and Parameters, weka tiki, kisha uipakie upya ndani ya paneli. Fanya hivyo kwa paneli, ipakie ndani ya dirisha, na dirisha ndani ya mradi. Anza na kilicho ndani kabisa kuelekea nje. Usiweke tiki kwa kila kitu, maana jedwali litajaa mipira na skrubu ambazo hakuna anayezinunua mojamoja. Kanuni yangu: kinachonunuliwa au kukatwa kama kipande kinapewa tiki, vingine vinabaki umbo tu.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza, na la kwanza ni kategoria, yaani kundi ambalo Revit inaiweka kila familia. Paneli ikiwa nayo ni ya kategoria ya Windows, jedwali la madirisha litaihesabu kama dirisha. Nyumba yenye madirisha 24 itaonyesha 96, yaani 24 pamoja na paneli 72. Mimi naziweka paneli kwenye Generic Models, na rola kwenye Specialty Equipment. Ila ujue gharama yake: ukizima Generic Models kwenye mwonekano wowote, paneli zako zinapotea na dirisha linabaki fremu tupu. Orodha ya vifaa vyote pamoja naitoa kwa jedwali la Multi-Category, linalochanganya kategoria zote.

La pili ndilo linaloumiza mfuko. Wengi wanaweka kitufe cha ndiyo au hapana ili kuficha paneli ya wavu pale mteja asipoihitaji. Kitufe hicho kinaficha picha tu, hesabu inaendelea kama kawaida. Tuseme madirisha 9 kati ya 24 hayana wavu. Ukweli ni rola 126, lakini jedwali litasema 144 na kuongeza nyavu 9 ambazo hazipo. Kwa hiyo achana na kuficha. Tengeneza familia tupu isiyo na umbo lolote, ya kategoria ileile, uiite Hakuna, kisha tumia parameta (sehemu ya kujaza taarifa za familia) iitwayo Family Type kuchagua kati ya paneli ya wavu na Hakuna. Rola za wavu zikae ndani ya paneli yake, ili zikiondoka ziondoke pamoja.

Familia ya Hakuna nayo inatoa mstari kwenye jedwali. Kwa sababu hiyo kila kifaa nakipa parameta ya namba inayoitwa Idadi: kifaa halisi 1, Hakuna 0. Parameta hii ina faida nyingine kubwa. Safu ya Count ya Revit, inayohesabu vifaa, haikubali kuingizwa kwenye fomula, hivyo huwezi kuzidisha Count kwa bei. Idadi inakubali. Fomula ya Idadi mara Cost (bei) iwe ya aina ya Currency, la sivyo utapata ujumbe kwamba vipimo havioani. Halafu ukiondoa tiki ya Itemize every instance ili vifaa vinavyofanana vikae mstari mmoja, nenda kwenye Formatting ukachague Calculate totals kwa Idadi na kwa gharama. Ukisahau, mstari wa rola zote 126 utaonyesha bei ya rola moja. Tuseme rola ni shilingi 2,000: utaona 2,000 badala ya 252,000, na hakuna onyo lolote.

Parameta hizi ziwe kwenye faili moja la parameta za pamoja, lililowekwa mahali ambapo ofisi nzima inalifikia. Revit haitambui parameta kwa jina, inatumia kitambulisho cha kipekee kilichomo ndani ya faili lile. Watu wawili wakitengeneza kila mmoja Idadi yake, jedwali litakuwa na Idadi mbili, kila moja ikiwa na mapengo.

Kwa vipande vya kukata, urefu wa kipande uwe parameta ya instance, yaani ya kila kipande kimoja kimoja. Familia ikishawekewa tiki ya Shared, parameta zake za type (zinazohusu vipande vyote vya aina moja) haziwezi kuunganishwa na upana wa dirisha, ila za instance zinakubali. Njia hiyohiyo ndiyo ninayotumia kupeleka alama ya dirisha ndani ya kila kipande, kwa parameta yangu ya maandishi, kwa sababu jedwali halina safu inayokuambia rola hii imo kwenye dirisha W3. Anayejua kuandika kodi ataipata kupitia Dynamo, zana ya kuandika kodi ndani ya Revit, kwa SuperComponent inayotaja familia iliyobeba kifaa. Wenye Revit LT, toleo lililopunguzwa uwezo, hawana njia hiyo.

Jumla ya urefu usiigawe kwa urefu wa profaili (fito ndefu za alumini zinazokatwa) ukaagiza. Vipande 10 vya 2400 ni mita 24, na kwa profaili za mita 6 hesabu inasema 4. Lakini kila profaili inatoa vipande viwili tu na kubakiza 1200, kwa hiyo unahitaji 5. Revit haipangi mikato. Mimi naitoa orodha kama faili la .txt, naifungua kwenye Excel, na kupanga huko kabla mkadiriaji majenzi hajaichukua.

Ukirekebisha rola na kulipakia dirisha upya, Revit itauliza itumie toleo lililomo kwenye mradi au lililomo kwenye familia unayopakia. Ukichagua la mradi, marekebisho yako hayaingii. Pia, kila baada ya kupakia, weka dirisha moja lenye wavu na moja lisilo na wavu kwenye mradi mtupu: jedwali lionyeshe rola 10. Likionyesha 12, bado kuna paneli imefichwa mahali.