Kununua jeni ya kutengenezwa: uagizie seli ipi, na uandike nini kwenye fomu

Mwaka juzi tulilipia jeni ya kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA, tukaisubiri zaidi ya mwezi, na ilipofika haikutupa kitu. Mstari wa protini tuliokuwa tunaungoja kwenye jeli ya kutenganishia protini kwa ukubwa, karibu kilodaltoni 75, ulikuwa mwembamba hadi ikabidi tuinue jeli dirishani ndipo tuuone. Tulibadilisha joto, tukabadilisha chakula cha bakteria, tukabadilisha hata saa ya kuvuna. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Kosa lilikuwa kwenye fomu ya kuagizia. Sehemu ya seli mwenyeji ilikuwa imeshajazwa "binadamu", sisi hatukuigusa, na muuzaji hakuuliza. Jeni ikaandikwa kwa lafudhi ya binadamu, kisha tukampa bakteria aisome.

Lafudhi ndilo neno ninalotumia nikiwaeleza wanafunzi. Kodoni, yaani maneno ya herufi tatu ambayo jeni huandikwa nayo, ziko 64, na 61 kati yake zinataja asidi amino 20, kwa hiyo asidi amino nyingi zina majina zaidi ya moja. Arjinini peke yake ina sita. Seli ya binadamu hutumia AGA na AGG bila shida, E. coli, bakteria wetu wa maabara, huzitumia kwa nadra sana, na tRNA za kuzisoma (molekuli zinazoleta asidi amino) anazo chache. Ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikifika hapo inasubiri, na ikisubiri mno inaachia njiani. Nilipokaa na kalamu nyekundu kuhesabu kodoni hizo kwenye jeni yetu nilipata 19, na mbili zilikuwa zimefuatana.

Mwongozo huu nimeuandikia mtu wa maabara ya chuo au taasisi ambaye bajeti yake ni jeni moja au mbili, na anataka protini ya kufanyia kazi: kimeng'enya cha PCR (njia ya kuzidisha DNA), antijeni ya kipimo (protini inayotambuliwa na kingamwili), kitu cha namna hiyo. Mwenye kiwanda cha dawa ana mahesabu mengine.

Kitufe cha "boresha"

Kila muuzaji ana kitufe cha kuboresha kodoni, na wengi hukibonyeza wakadhani kazi imekwisha. Programu nyingi hubadilisha kodoni adimu kuwa pendwa, kisha zinakupa alama ya juu. Alama hiyo isikulevye. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo ninalolifungua mtu akiniletea alama zake: matoleo 154 ya jeni ya GFP, ile protini inayong'aa kijani, yote yakitoa protini ileile, tofauti ikiwa ni kodoni tu. Ndani ya E. coli, kiasi cha protini kilitofautiana hadi mara 250. Na wingi wa kodoni pendwa haukuieleza tofauti hiyo. Zaidi ya nusu yake ilielezwa na jinsi mwanzo wa mRNA, nakala ya jeni ambayo ribosomu huisoma, unavyojikunja, kuanzia herufi chache kabla ya ATG, kodoni ya kuanzia, hadi kama ya 37 baada yake. Mwanzo ukijifunga fundo, ribosomu haipati pa kushika, hata kama huko mbele njia ni nyeupe.

Kwa hiyo kwa bakteria, kodoni kumi na tano za kwanza zinastahili macho yako kuliko jeni nzima iliyobaki. Zijaze A na T kadiri asidi amino zinavyoruhusu, kisha pitisha kipande hicho kwenye RNAfold, programu ya bure inayokadiria jinsi RNA inavyojikunja. Na hapa pana ujanja ambao umetuokolea pesa nyingi: usiagize matoleo matatu ya jeni nzima. Agiza jeni moja, na pamoja nayo praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) tatu za herufi 60 hivi, kila moja ikiwa na mwanzo ulioandikwa tofauti. Unazidisha jeni kwa PCR na kupata matoleo matatu yenye protini moja. Jeni inalipiwa kwa herufi, na herufi 180 za praima ni kidogo sana ukilinganisha na jeni ya herufi 2,000.

Jambo jingine, usidai kila kodoni iwe ya kasi. Protini hujikunja huku ikiendelea kutengenezwa, na zipo sehemu ambazo mwendo wa polepole unaipa nafasi. Muuzaji akikupa chaguo la kulinganisha kasi na ile ya kiumbe cha asili, lichukue kwa protini kubwa zenye vipande kadhaa.

Nafasi ya kwanza: E. coli

Anza hapa, labda uwe na sababu nzito ya kutoanza hapa. Kazi hii yenyewe ilianzia humu: mwaka 1977 huko Marekani jeni ya somatostatini, homoni ya asidi amino 14 tu, ilitengenezwa kwa kemia ikafanya kazi ndani ya E. coli, na 1982 insulini ya binadamu iliyotoka kwa bakteria ikaidhinishwa. Seli zinazaana kila dakika 20 zikishiba, chakula ni rahisi, na protini unaiona kesho yake.

Aina ya kununua kwanza ni BL21(DE3), ambayo imekosa Lon na OmpT, vimeng'enya viwili ambavyo vingekutafunia protini. Kama jeni unayo tayari na ina kodoni adimu, jaribu Rosetta kabla ya kuagiza upya. Inabeba tRNA za ziada. Sisi iliturudishia mstari unaoonekana, ingawa hatimaye tuliandika jeni upya. Kama protini ina vifungo vya salfa, chukua SHuffle, aina ya E. coli inayoweza kuvifunga.

Kwenye fomu andika hivi: mwenyeji E. coli, ondoa kodoni adimu AGG, AGA, ATA na CTA, ondoa AGGAGG katikati ya jeni, maana ribosomu inaweza kudhani hapo ndipo pa kuanzia, malizia kwa TAA, kodoni ya kusimamisha. Protini ikitoka nyingi lakini yote ikabaki kwenye mashapo baada ya sentrifuji, usiilaumu jeni. Shusha joto hadi digrii 18 usiku kucha, na upunguze IPTG, kemikali inayowasha jeni.

Ya pili: hamira ya Pichia

Hii watu wa kwetu wanaipita bila kuitazama, na inaniuma. Ni seli yenye kiini, inajua kufunga vifungo vya salfa na kuvika protini sukari, inaitoa protini nje kwenye maji ya kuoteshea, na bado inaishi kwenye chupa ya kawaida ya kutikisa kwa digrii 28 hadi 30. Hamira si ngeni katika kazi hii: antijeni ya homa ya ini B iliyomo kwenye chanjo ya pentavalenti wanayochomwa watoto wetu inatokana na hamira.

Lakini jeni ya Pichia ina masharti yake. Inaingizwa kwenye kromosomu, na ili iingie lazima plasmidi, duara la DNA linalobeba jeni, ikatwe kwanza, mara nyingi kwa SacI au PmeI, vimeng'enya vinavyokata DNA. Mahali pa kukatwa na kimeng'enya hicho pakiwemo ndani ya jeni yako, umeikata jeni. Mwambie muuzaji apaondoe pote. Mwambie pia avunje sehemu ndefu zenye A na T tupu, kwa sababu zinaweza kukatiza mRNA kabla ya mwisho. Na kama protini inatolewa nje, tafuta mahali ambapo lisini inafuatwa na arjinini. Kex2, kimeng'enya cha hamira yenyewe, hukata hapohapo, na kodoni haziwezi kukusaidia, kwa kuwa tatizo liko kwenye protini yenyewe. Sukari nayo itakuwa ya hamira, yenye manosi nyingi. Kwa kimeng'enya cha maabara haina neno, kwa antijeni fikiri mara mbili.

Ya tatu: HEK293

Hizi ni seli za binadamu zinazooteshwa maabarani. Protini ya binadamu inayotakiwa kuwa na sura ya kibinadamu, au uso wa kirusi kwa ajili ya kipimo, inakuja vizuri hapa. Plasmidi inaingia leo, protini unavuna ndani ya wiki. Gharama iko kwenye chakula cha seli, kabati la CO2 na umeme usiokatika. Kwenye fomu weka GCCACC kabla tu ya ATG, ili ribosomu ipaone pa kuanzia, na uombe ziondolewe AATAAA, ambayo ni alama ya kumalizia mRNA, na sehemu zinazofanana na maungio ambapo seli hukata na kuunga mRNA. CHO, seli za panya aina ya hamsta, ni ndugu yake wa kiwandani. Kwa jeni ya kwanza huihitaji.

Ya nne: Sf9

Seli hizi zilitokana na ovari ya Spodoptera frugiperda. Mkulima wa mahindi wa kwetu anamfahamu mdudu huyo kama kiwavijeshi vamizi. Maabarani anafaa: seli zinaishi kwa digrii 27 bila CO2, na ni nzuri kwa protini kubwa zilizoungana. Nimeziweka chini kwa sababu lazima kwanza utengeneze kirusi cha wadudu kinachobeba jeni yako na kukizidisha, na hizo ni wiki kadhaa kabla ya kuona protini yoyote.

Uinunue ikiwa na umbo gani

Nunua ikiwa ndani ya vekta yako (plasmidi unayoitumia) na imeshasomwa herufi kwa herufi. Kipande kilichonyooka ni nafuu, ila utakiingiza mwenyewe, na itakubidi usome koloni kadhaa ili upate isiyo na kosa. Kuunga jeni nzima kwa praima nakushauri uache, isipokuwa kama muda wako haulipiwi. DNA inasafiri ikiwa kavu, kwa hiyo ikikwama forodhani siku kumi haidhuriki. Seli zilizoandaliwa kupokea DNA zinasafiri kwenye barafu kavu na zinaharibika njiani. Ziandae mwenyewe kwa kloridi ya kalsiamu. Agiza kwa barua pepe ya taasisi, kwa kuwa kampuni kubwa hukagua mfuatano wa herufi za DNA na mnunuzi pia, na uulize mapema kibali cha usalama wa viumbe. Kenya kuna mamlaka yake chini ya sheria ya 2009.

Kabla ya kulipa, chukua mfuatano waliokurudishia, utafsiri kuwa protini, uulinganishe na ule uliotuma. Hakikisha mkia wa histidini, ule wa kuvutia protini wakati wa kuisafisha, unasomwa kwa mpangilio mmoja wa herufi tatu-tatu na jeni. Tazama tena neno lililoandikwa kwenye sehemu ya mwenyeji.

Mzigo ukifika, zungusha mrija kwenye sentrifuji kabla ya kuufungua, maana DNA kavu hukaa kwenye kifuniko na inapeperuka. Iyeyushe, iingize kwenye bakteria, na siku hiyohiyo ya kupata koloni otesha akiba ya gliseroli: mirija miwili, kwenye friza mbili tofauti.