Calamine baada ya kambi: nyota nne, na maswali mawili kabla ya kutikisa chupa

Calamine ni ile losheni ya rangi ya waridi ambayo ni nadra kuikosa kwenye kemisti ya Nairobi, na pale ninaponunua mimi chupa ya mililita 100 haifiki shilingi 300. Mimi ni mlezi wa vijana wa kanisa letu huku Umoja. Likizo zikifika tunawapeleka kambini, na wakisharudi, simu za wazazi zinaanza: "Mama Shiru, huyu mtoto anajikuna usiku kucha, nimpake nini?"

Naipa nyota nne kati ya tano. Inafanya kazi yake vizuri sana, ila kazi yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Inatuliza mwasho, basi. Haiui kuvu, haiui wadudu wa upele, haiondoi sumu, haishushi homa. Ndiyo maana mzazi akinipigia simu, kabla sijamwambia atikise chupa namuuliza mambo mawili: ilianza kuwasha lini, na ni wapi mwilini? Majibu hayo mawili mara nyingi yanatosha kujua kama calamine itasaidia au itapoteza muda.

Kilichomo ndani hakina siri. Kwa kipimo cha vitabu vya dawa vya Uingereza, unga wa calamine ni asilimia 15 na oksaidi ya zinki asilimia 5, halafu kuna gliserini, fenoli kidogo sana, na sehemu kubwa ni maji. Ile rangi ya waridi inatokana na oksaidi ya chuma. Maji yakikauka juu ya ngozi yanaondoka na joto, ngozi inapoa, na unga unaobaki unakausha pale palipo na unyevu. Ukiiacha chupa imesimama unga wote unatua chini, kwa hiyo asiyeitikisa anapaka maji tu, kisha anasema dawa ni feki.

Kando ya Ziwa Naivasha, tunakopiga kambi, jua likishazama mbu hawana huruma. Vipele vya mbu vinatokea hapa na pale, pale nguo isipofika, na vinaanza kuwasha usiku ule ule. Vya viroboto vinapenda vifundo vya miguu na vinakaa kwa makundi. Kwa vyote viwili calamine inastahili kila shilingi: pamba safi, gusa kipele kimoja kimoja bila kusugua, acha ikauke, rudia mwasho ukirudi. Ni hivyo hivyo kwa thabai, ule mmea ambao majani yake yanawasha ukiyagusa. Tulipokwenda msitu wa Kereita kijana mmoja alipita katikati ya kichaka chake akiwa na kaptura, na miguu ikawaka papo hapo. Tulimwosha kwa maji baridi, tukampaka, na kabla ya chakula cha jioni alikuwa anacheza mpira. Anayeshindwa kulala kwa mwasho, kama ni mtu mzima, tembe moja ya cetirizine ya miligramu 10 kwa siku inasaidia bila kumlewesha usingizi kama Piriton. Kwa mtoto muulize mfamasia kipimo, na umtajie umri na uzito wake.

Sasa tuje kwa Nairobi fly, maana hapa ndipo chupa hii inapoonewa.

Huyu ni mbawakawa mwembamba, hafiki hata sentimita moja na nusu, mwenye pingili za rangi ya machungwa na nyeusi, na ukimwona akikimbia utadhani ni siafu aliyevutwa. Haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, iko ndani ya damu yake, na inakupata pale unapomponda juu ya ngozi. Anapenda taa. Mvua zikiwa nyingi anaongezeka. Waliokuwa hapa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka jinsi mji mzima ulivyokuwa na shingo zilizobabuka.

Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa anasoma ndani ya hema na taa ya kichwani, zipu ikiwa wazi. Alihisi kitu kikitambaa shingoni, akakifuta kwa kiganja, akaendelea kusoma. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo linalowapotosha wengi, kwa sababu sumu hii inachukua kama siku nzima au zaidi kuonekana. Tulikuwa tumesharudi Nairobi alipoona mstari mwekundu chini ya taya, umenyooka vile vile alivyovuta kiganja. Jioni yake mstari ukawa na malengelenge madogo yenye maji ya manjano, na alisema anasikia kuungua zaidi ya kuwashwa, kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya chapati. Kisha tukakunja na kukunjua mkono wake. Kwenye kiwiko kwa ndani kulikuwa na mabaka mawili yanayotazamana, moja juu ya mkunjo na lingine chini yake, yanafanana kabisa. Ngozi ilikuwa imejigusa yenyewe na kugawana sumu. Ukiona alama pacha namna hiyo, acha kuulizia mbu.

Mama yake alikuwa amempaka calamine nyingi, kwa nia njema. Ilikuwa imekauka ikawa ganda lililoshika juu ya malengelenge, na kulibandua kulimuumiza yule mtoto kuliko kidonda chenyewe. Tulililainisha kwa maji ya vuguvugu taratibu. Jeraha la Nairobi fly lina hali ya kuungua: linataka kuoshwa kwa sabuni na maji mengi, kitambaa kilicholowa maji baridi, na malengelenge yasipasuliwe. Mfamasia alimpa krimu ya hydrocortisone ya asilimia 1 apake kwa siku chache pale palipokuwa pekundu bila kupasuka. Mto, shuka na kola ya nguo aliyokuwa amevaa vilifuliwa, kwa sababu sumu inaweza kubaki kwenye kitambaa, na kutoka vidoleni inafika machoni kwa urahisi. Ikifika jichoni usijaribu kutibu nyumbani. Suuza kwa maji safi na uende hospitali. Doa jeusi lilimkalia shingoni kwa wiki kadhaa, na nilimsihi asiguse krimu za kung'arisha uso. Doa hilo linafifia lenyewe.

Hapo ndipo nataka niseme kuhusu tyubu. Kabla ya kuja kwangu mama huyo alikuwa amepitia kemisti moja karibu na stendi ya matatu, akasema, "Daktari, nipe ya vipele." Aliyekuwa kaunta hakumuuliza vilianza lini, hakutazama hata shingo ya mtoto. Akampa tyubu yenye dawa tatu ndani: steroidi kali, dawa ya kuvu na antibiotiki. Krimu hizi zinauzwa kama peremende mjini hapa na zinaniumiza roho. Steroidi kali usoni na shingoni kwa mtoto inaweza kufanya ngozi iwe nyembamba, na ikipakwa juu ya mashilingi, yale maduara ya kuvu kwenye ngozi, inaficha wekundu huku kuvu ikitambaa chini kwa chini, hata daktari wa ngozi akija kuitazama haitambui kirahisi. Ukipewa tyubu, soma majina ya dawa kwenye boksi. Ukiona betamethasone au clobetasol, ambazo ndizo hizo steroidi kali, uliza kwa nini, na unayemuuliza awe mfamasia mwenyewe. Kemisti halali inabandika leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu ukutani. Inua macho uitafute.

Mashilingi yenyewe unayajua kwa duara, pembeni pameinuka na katikati pamesafika. Hayo yanataka dawa ya kuvu pekee, kama clotrimazole, kwa wiki kadhaa, na uendelee kidogo hata baada ya kupotea.

Upele ndio unaosingiziwa kambi kila mara. Mtu ambaye hajawahi kuugua upele huchukua wiki mbili hadi sita ndipo aanze kuwashwa, kwa hiyo mtoto aliyerudi Ijumaa na kuanza kujikuna Jumamosi katikati ya vidole, viganjani na kiunoni, hakuuokota kwenye hema letu. Wazazi wawili walitaka kutulaumu kwa hilo na nikawaeleza kwa upole. Calamine itampa usingizi wa saa moja au mbili, lakini asipopakwa dawa ya kuua wadudu wa upele, permethrin au benzyl benzoate, yeye na wote wanaoishi naye kwa siku ile ile, watazunguka na upele huo hadi Krismasi.

Na kupe. Naivasha kuna ng'ombe, kuna wanyama wa porini, kuna nyasi ndefu. Tunakagua kwapani, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa suruali kabla ya kulala, na tukimkuta tunamshika kwa kibano karibu na ngozi na kumvuta polepole bila kumsokota. Siku kadhaa baadaye ukiona kidonda chenye gamba jeusi, na mtoto ana homa na kichwa kinamuuma, calamine iache kabatini umpeleke kwa daktari. Akianza kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kuumwa na mdudu yeyote, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wanaonunua: angalia tarehe ya mwisho kwenye chupa yenyewe, si kwenye boksi pekee, na usiipake machoni, mdomoni wala kwenye kidonda kilichopasuka. Kwa kundi la vijana mimi hubeba chupa mbili za mililita 100 badala ya moja kubwa, ili moja ikae kwa wasichana na nyingine kwa wavulana. Vifuniko vya chupa ninazonunua havifungi sawasawa. Zifunge kwenye mfuko wa zipu usiovuja na uzisimamishe ndani ya begi, la sivyo utafika Naivasha na nguo za waridi.