Kamera ya darubini: acheni kununua asilimia!

Habari zenu, watazamaji wangu wa Arua, Koboko, Busia na popote mlipo. Leo nina kamera mbili mezani na jambo moja linaloniudhi kweli. Kila nikifungua ujumbe nakuta swali lile lile: "Kaka, hii ina asilimia 80, ile 56, nichukue ipi?"

Hiyo asilimia ni kwamba fotoni 100, yaani chembe za mwanga, zikigonga kihisi (kile kipande cha kamera kinachonasa mwanga), 80 zinageuka kuwa elektroni, na kamera inahesabu hizo. Sawa. Lakini wauzaji wanakupa kilele tu, pale kihisi kinapofanya vizuri kabisa, mara nyingi kwenye kijani. Njoo kwenye wekundu wa haidrojeni, nanomita 656, ule unaopaka rangi nebula, yale mawingu ya gesi angani, uone namba inavyoshuka. Boksi halikwambii hilo.

Hii nzito ni CCD, aina ya zamani ya kihisi, ndani ina KAF-8300 ya Kodak; ndiyo ya asilimia 56. Tuiheshimu: CCD ilibuniwa na Boyle na Smith pale Bell Labs, maabara za Marekani, mwaka 1969, na Nobel wakapata 2009. Hii ndogo nyekundu ni ASI533 ya ZWO, ina IMX533 ya Sony, ni CMOS, aina mpya ya kihisi; ndiyo ya asilimia 80. Megapikseli mtasoma wenyewe, mimi hazinisumbui.

Sasa angalieni hapa ubaoni, msiondoke. Pikseli ya CCD ina upana wa mikroni 5.4, ya Sony 3.76. Zidisha upana kwa upana: 29 dhidi ya 14. Kisha chukua asilimia yako, asilimia 56 ya 29 ni kama 16, na asilimia 80 ya 14 ni kama 11. Mmeona? Kwenye darubini ile ile, pikseli ya kamera yenye asilimia ndogo inakusanya mwanga mwingi zaidi!

Basi tununue ya zamani? Subirini. Kila picha inaposomwa, kamera inaongeza kelele zake yenyewe, yaani makosa ya bahati nasibu yanayoficha mwanga hafifu. CCD hii inaongeza kama elektroni 8. Sony, ukiiweka geini 100 (geini ni kiwango cha kukuza ishara), ni kama 1.5 tu. Kwenye CCD ni sawa na mtu kukunong'oneza ukiwa kando ya mashine ya kusaga mahindi: sauti yake ipo, ila huipati.

Tuseme kwa dakika moja zinaingia elektroni 16 kwenye pikseli ya CCD na 11 kwenye ya Sony. Mwanga wenyewe nao una kelele, ambayo ni kipeuo cha pili cha hesabu yake. Changanya kelele zote mbili: jumlisha miraba yake, kisha chukua kipeuo. Halafu gawa mwanga kwa kelele; namba ikiwa kubwa, picha ni safi zaidi. CCD: 16 gawa kwa 9, unapata 1.8. Sony: 11 gawa kwa 3.6, unapata 3. Picha kumi za dakika moja zikipangwa pamoja: CCD 5.7, Sony 9.6. Hapo ndipo ninapoipenda hii ndogo!

Haki itendeke lakini. Acha CCD wazi dakika kumi mfululizo, picha moja, itafika 10.7 na Sony 10.4. Kwa hiyo ukiwa na stendi nzuri ya darubini inayofuata nyota na anga tulivu, CCD ya mitumba bado ni mali, na anayekuambia ni takataka anataka kukuuzia mpya.

Shida ni sisi tulipo. Hapa Uganda ikweta inapita nchini mwetu, na nyota ya kaskazini, ile inayotumika kulenga stendi, imelalia upeo wa macho, ndani ya vumbi na moshi. Kuelekeza stendi sambamba na mhimili wa dunia ni kazi, na bila hiyo dakika kumi inakupa nyota ndefu kama mistari. Halafu mawingu: Machi mpaka Mei unapewa tundu dogo la anga, linafungwa. Ukipiga picha za sekunde 30, wingu linakuharibia moja, zilizobaki ni zako. Kelele ndogo ya usomaji ndiyo inayoruhusu hivyo, asilimia haikusaidii. Na anga tunayo: Orioni inapita juu ya kichwa, Msalaba wa Kusini tunauona, Dubu Mkubwa pia. Wazungu wengi wanapanda ndege kuja kuona nusu ya hiyo!

Bei: kamera za aina hii ni mamilioni ya shilingi, na ushuru bado. Muulize wakala wa kusafirisha kabla hujalipa, na mwambie wazi kama ina kipoozaji. Na kipoozaji unakihitaji, maana kwa joto letu elektroni zinazozalishwa na joto ndani ya kihisi zinaongezeka maradufu kila nyuzi sita hivi.

Mnaniuliza IMX585, kihisi kingine cha Sony, kile cha pikseli za mikroni 2.9. Inakuja video ijayo, pamoja na ile ya vichujio niliyowaahidi. Kabla ya hapo niandikieni chini darubini yako ina umbali wa fokasi (kutoka lenzi au kioo mpaka mwanga unapokutana) wa milimita ngapi. Bila hiyo namba siwezi kukushauri pikseli, hata ukinitajia bajeti.