Silinda ya milimita 66 juu ya Stihl 070: usiifunge kabla hujapima hapa

Kamwene wadau, karibuni tena karakana. Mezani leo kuna msumeno wa mnyororo, Stihl 070, ile ya zamani mnayoijua wote huku Mufindi, na pembeni yake seti ya silinda ya milimita 66 ya kuigeuza iwe na ukubwa wa kaka yake, Stihl 090. Seti ni ya kuiga, si ya kiwandani kwa wenyewe. Na kabla sijasifia chochote, sogea na kamera hapa ndani. Hapo, kwenye tundu la ekzosi. Unaona ukingo unavyong'aa? Nikipitisha ukucha unakwaruzwa. Hakuna mtu aliyegusa hapa baada ya kutoboa. Ringi ya pistoni inapita hapo maelfu ya mara kila dakika, inatanuka kidogo kuelekea kwenye tundu, halafu inakutana na ukingo huo. Siku inanasa, inakatika, inachana silinda kutoka juu hadi chini, na mwenye mashine anasema mafuta yalikuwa mabaya. Mafuta hayana kosa!

Kwa hiyo anayewaambia seti hii unafungua boksi na kufunga moja kwa moja, msimsikilize. Hii ni malighafi. Kazi ya kuimalizia ni yako.

Karatasi ya 070 siisomi, mnaijua: ukoo wa Contra, msumeno wa Stihl wa 1959, haina breki ya mnyororo, haina mipira ya kupunguza mtikisiko, na inapasua mbao kuliko mashine nyingi zilizozaliwa baada yake. Shikeni vipimo viwili tu. 070 ina silinda ya milimita 58, mwendo wa pistoni milimita 40, jumla cc 106. 090 ina milimita 66, mwendo ni uleule 40, jumla cc 137. Mwendo ni mmoja na sehemu ya chini ni ileile, ndiyo maana silinda ya 090 inakaa juu ya 070. Ongezeko ni karibu asilimia 29, na krenki hujaigusa.

Sasa kwa nini sisi wa milimani tujali zaidi ya mtu wa Dar es Salaam? Mafinga tupo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya urefu huo ni nyembamba kwa karibu moja ya sita. Maana yake 070 yako ya cc 106, ukiwa Sao Hill, inapumua sawa na mashine ya cc 88 iliyoko pwani. Ndiyo maana mtu anainunua, anaifikisha Nyololo, anasema haina nguvu alizoambiwa. Ukiweka hii ya 137 unapumua kama cc 114 hivi. Umerudisha ulichonyang'anywa na mlima, na umepata na nyongeza. Nguvu nyingine ya bure iko kwenye mgandamizo, na hapo ndipo tutakaa leo, kwa sababu watengenezaji wengi wanakimbilia kutoboa ekzosi wapate kelele, wakati nguvu imelala juu ya pistoni.

Kwanza kingo. Grainda ndogo ya kidole, jiwe laini, mwendo wa polepole. Unavunja ukingo kwa nusu milimita, kisha msasa namba 400 kwa mkono. Zingatia upande: jiwe linatoka ndani ya silinda kuingia kwenye tundu. Ukifanya kinyume, kutoka tunduni kuja ndani, unainua ile ngozi ngumu iliyopakwa kwenye ukuta, na ikishaanza kubanduka hakuna gundi. Fanya hivyo kwenye ekzosi, tundu la kuvutia na yale ya pembeni. Ukimaliza, maji ya moto na sabuni na brashi, suuza, kausha, paka mafuta ya tusitiki (yale ya injini za mipigo miwili) hapohapo. Usitegemee petroli peke yake kusafisha, vumbi la jiwe linabaki.

Ringi: iingize ndani ya silinda bila pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Kwa milimita 66 nataka robo milimita hivi, 0.25 hadi 0.35. Hii hapa inaingia fila ya 0.30. Safi. Ukikuta mwanya umefungana kabisa, piga ncha kwa tupa ndogo. Zikiachana zaidi ya 0.6, rudisha dukani.

Haya, sasa penyewe: tunapima pengo kati ya pistoni na kichwa cha silinda. Silinda nimeikalisha na gasketi yake ya chini, nimekaza kwa muda, plagi imetoka. Nachukua waya wa risasi wa kulehemu, unene milimita 2. Nauingiza kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta, na angalieni uelekeo: unafuata mstari wa pini ya pistoni, kushoto au kulia. Usiuelekeze mbele kwenye ekzosi wala nyuma kwenye kabureta. Pistoni inacheza mbele na nyuma juu ya pini, ukipima huko itainama na kukudanganya. Sasa nazungusha kwa mkono, taratibu, pistoni inapita juu kabisa... imebana... imepita. Navuta waya. Ncha imelaliwa ikawa bapa. Napima unene wake kwa kalipa: milimita 1.35. Upande wa pili vilevile, 1.35, maana yake silinda imekaa sawa.

1.35 ni pengo kubwa mno. Mchanganyiko ulioko pembeni, kati ya pistoni na kichwa, unakaa tu pale, haupelekwi katikati kwenye moto wa plagi. Unachelewa kuungua, unapata joto, wakati mwingine unajilipua wenyewe. Pengo likiwa dogo, pistoni inapofika juu inaukamua mchanganyiko wote kuelekea katikati, unavurugika, unaungua haraka na kwa usawa. Unapata mgandamizo mkubwa na hatari ya kugonga inapungua, vyote pamoja.

Gasketi hii ya chini, napima, ni nusu milimita. Naitoa. Nakalisha tena silinda kavu, waya mpya, nazungusha. 0.85. Hapo nimefurahi, na hapo naachia. Wapo wanaoshuka hadi 0.5 kwenye mashine ndogo, lakini hii ina pistoni nzito ya milimita 66, konrodi (fimbo inayounga pistoni na krenki) ikipata moto inarefuka, beringi ikilegea kidogo inaongeza, masizi yanajijenga juu. Kati ya 0.7 na 0.9 kwa mashine ya kufanya kazi siku nzima inatosha.

Lakini usikaze bado! Umeshusha silinda, umeshusha na matundu yote. Ekzosi sasa inafunguka kwa kuchelewa kidogo, jambo jema kwa mashine yenye nguvu kwenye mizunguko ya chini kama hii. Tundu la kuvutia linafunguka mapema zaidi, nalo si baya. Kinachoua ni hiki: pandisha pistoni juu kabisa, chungulia kwenye ekzosi. Sketi ya pistoni lazima iwe bado inafunika tundu lote, na ibaki milimita moja au zaidi chini yake. Ukiona mwanga unapenya chini ya sketi, mashine itavuta moshi wake yenyewe kuingia tumboni, kwenye chumba cha krenki. Hapa imefunika, tunaendelea.

Mahali pa gasketi unapaka gundi ya gasketi, tabaka jembamba sana. Chagua ile iliyoandikwa inahimili petroli. Nyingi za bei ndogo zinavimba zikikutana na petroli, na baada ya wiki unavuta hewa ya uongo kwenye maungio.

Pistoni, mshale uelekee ekzosi. Zile klipsi za pini zilizokuja na seti, tupa. Nasema kwa upendo, tupa. Nunua nzuri. Na mdomo wa klipsi uelekee juu au chini, usielekee pembeni, kwa sababu pistoni inakwenda juu na chini na mshtuko wake unaifinya klipsi iliyolala pembeni mpaka inachomoka.

Kabla ya yote hayo, natumaini ulishika konrodi ukaivuta juu na chini. Ikicheza wima hata kidogo, acha zoezi, beringi ya chini imekwisha na silinda mpya itaimaliza. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida. Na sili za krenki badilisha zote mbili bila kujadiliana.

Halafu jaribio la presha. Ziba ekzosi na tundu la kabureta kwa vipande vya tyubu ya tairi na bati, pampu ndogo yenye saa kwenye tundu la plagi, jaza presha ya nusu ba, usizidishe. Ikae dakika nzima bila sindano kushuka. Ikishuka, povu la sabuni litakuonyesha. Kisha ivute hewa kinyume, nusu ba chini, kwa sababu kuna sili inayoshika presha lakini inavujisha ikivutwa. Fundi asiye na hii pampu ananunua pistoni mara mbili.

Mmekuwa mkiuliza kwenye maoni, kwa nini nisinunue Husqvarna 3120 XP au Stihl MS 881 nikapumzika? Hizo ni cc 119 na karibu 122, zina breki, zina mipira, mikono yako itakushukuru. Kama unapasua kila siku na mfuko unaruhusu, nenda huko, nasema wazi. Mtikisiko wa 070 unaharibu mishipa ya vidole, vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, na haurudi nyuma. Lakini hizo zinataka mizunguko mingi. Hii inang'ang'ania kwenye gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, kwenye mizunguko ya chini, ambapo nyingine inazima. Na vipuri vya 070 utavipata Makambako, Mafinga, Uyole, popote.

Moto: plagi mpya, mwanya wa platini milimita 0.35 hadi 0.4, kondensa ikiwa ya zamani badilisha. Kamba ya kuwashia itakurudishia ngumi, mgandamizo umepanda. Ivute mpaka uhisi pistoni imekaza, iachie irudi, kisha vuta mara moja kwa nguvu. Usicheze nayo nusunusu.

Mafuta: moja kwa ishirini na tano, mililita 200 za tusitiki kwa lita 5 za petroli. Skrubu za kabureta, H ya mwendo wa kasi na L ya mwendo wa chini, anza mzunguko mmoja wazi, na H itataka wazi zaidi kidogo kwa sababu silinda kubwa inavuta zaidi. Sikilizeni sasa. Imewaka! Bila mzigo nataka sauti ya kukokota kidogo, ile ya kukosa-kosa, ambayo inakuwa safi mnyororo ukiingia kwenye mti. Ikiwa safi kabisa bila mzigo, mafuta ni machache, fungua H haraka.

Na hili wapasuaji wa huku tulishike. Ukisawazisha kabureta Mafinga halafu ukapandisha mashine kwenye lori, ukashuka Kitonga kwenda Kilombero, unashuka kwenye hewa nzito. Hewa imeongezeka, mafuta yako palepale, mchanganyiko umekuwa mkavu, na pistoni inaungua siku ya kwanza. Ukishuka, fungua H robo mzunguko kabla hujawasha, ndipo usikilize upya. Ukipanda kurudi, funga. Mgandamizo tuliouongeza unafanya kosa hilo kuwa ghali zaidi.

Ekzosi mtasema nimeisahau. Unaweza kupanua mdomo, lakini usizidi asilimia 80 ya eneo la tundu la silinda, na wavu wa cheche ubaki. Kuanzia Julai majani ya paini chini ni makavu, cheche moja ni kesi na msitu mzima.

Mnyororo: pichi ya inchi .404, kwa kupasua noa pembe ya nyuzi 10 badala ya 30, tupa ya milimita 5.5. Sproketi ya meno 7 kwa mizunguko 7,000 inakupa mita 16.8 kwa sekunde. Sasa nguvu ipo, weka ya meno 8, unapata mita 19. Kwa bapa la mnyororo la inchi 36 kwenye mti mgumu, rudi 7.

Bei inabadilika kila mzigo unaposhuka, kwa hiyo ulizeni hivi: ringi, pini na klipsi vimo? Pistoni ina uzito? Mnaruhusu nichungulie matundu kabla ya kulipa? Anayekataa, hamia duka la jirani. Nilianza nikiwa na hasira na seti hii, na kingo zile bado hazisameheki, lakini ukuta wake umepakwa vizuri na silinda imekaa sawa pande zote mbili. Kwa mwenye kalipa, fila na pampu, nunua. Asiye navyo aanze na hivyo kwanza.

Hii hapa imemaliza tangi la kwanza, nusu gesi, bila kuibana. Imepoa, nakaza tena nati za silinda. Video inayofuata ni mnyororo na kunoa meno ya kupasua, jiunge na ubonyeze kengele. Andika kwenye maoni unapasua mti gani na uko urefu gani, nikupe pa kuanzia na skrubu ya H.