Miaka mitatu, seti tatu za matairi: uzoefu wangu na Subaru Legacy hapa Kampala

Mvua ya Lwera ndiyo iliyonifundisha kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Ilikuwa Aprili 2022, nampeleka mama Bukoba kupitia Masaka na Mutukula. Mnaoitumia njia hiyo mnapajua: barabara imenyooka katikati ya kinamasi, na ikinyesha maji hutuama juu ya lami. Nilikuwa kwenye 80 tu. Ghafla usukani ukawa mwepesi mkononi, kana kwamba magurudumu ya mbele hayapo. Niliachia mafuta, nikashika usukani bila kuukata, breki sikuigusa. Zilipita kama sekunde mbili, gari likashika tena. Mama hakusema neno mpaka Lukaya.

Pale Lukaya nilishuka kuyaangalia matairi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Hayakuwa vipara. Kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zilikuwa nene, za kuvutia. Gari lenyewe, Legacy GT ya 2006, nilikuwa nimelinunua miezi michache nyuma kwa mtu hapa Kampala, na moja ya sifa alizonipigia ni kwamba matairi yalikuja na gari kutoka Japani, "orijino kabisa".

Fundi wa pancha wa Kyotera, mzee anayezungumza Kiswahili safi kuliko changu, ndiye aliyenifumbua macho. Nilimwomba anipimie upepo. Akainama, akapitisha kidole juu ya kashata, kisha akaniita.

"Mwanangu, njoo uone. Haya ni matairi ya theluji."

Alinionyesha alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kisha akanionyesha jinsi kila kashata ilivyochanjwa mikato myembamba kama nywele. Mikato ile imewekwa ili ishike barafu, na mpira wake ni laini kwa makusudi, umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Kampala haifiki huko hata alfajiri ya Julai. Kwenye lami yetu yenye joto mpira huo unalegea, kashata zinacheza, breki inachelewa, na tairi linaisha upesi. Magari mengi ya Japani yanatoka mikoa yenye theluji na yanakuja hivyo hivyo. Ukiona ubavuni Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, hayo ni matairi mazuri sana, ila ni mazuri kwa nchi nyingine.

Akaniambia pia nisome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Yangu yalisomeka 3813, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2013. Matairi yenye zaidi ya miaka minane, mpira wa theluji, kwenye barabara ya Masaka wakati wa masika. Tulikwenda Bukoba na kurudi kwa mwendo wa 60.

Seti ya pili nilinunua kwa hofu, na hofu ni mshauri mbaya wa kununua kitu. Wiki hiyo hiyo nilikwenda barabara ya Kyaggwe, duka la kwanza lenye saizi yangu ya 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17), shilingi 300,000 kwa tairi, jumla 1,200,000 kwa yote manne. Yalikuwa mapya, ya Kichina, na ubavuni yameandikwa neno la kuashiria spoti. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimeona matairi mengine ya Kichina yaliyowafaa watu vizuri na sitaki kuhukumu nchi nzima kwa seti moja.

Kwenye lami kavu sikuwa na lalamiko kubwa. Kona gari liliingia, breki ilishika. Kwenye maji hali ilikuwa tofauti: kuteremka kutoka Makerere kuelekea Wandegeya asubuhi ya mvua, ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ilikuwa inagonga mguuni hata kwa breki ya kawaida. Baada ya kilomita 10,000 yalianza kulia. Kwenye barabara ya mwendokasi ya Entebbe, ambako mwisho ni 100, ilibidi tupaze sauti ndani ya gari.

Kilichoniuma hasa ni ubavu. Ndani ya mwaka mmoja na nusu mawili yalivimba baada ya kupiga mashimo, moja Ndeeba na jingine karibu na nyumbani. Tairi la saizi hii lina ubavu wa milimita 97 tu, hivyo kila shimo linapigana na rimu moja kwa moja, na nyuzi za ndani zikikatika uvimbe hautengenezeki. Nilirudi dukani. Muuzaji hakukataa kwamba tairi lina kasoro, alikataa kwamba alinipa dhamana, na sikuwa na risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, nilikuwa na karatasi ya mkono tu. Nilikuwa nimeikataa risiti mwenyewe ili nipunguziwe VAT. Yaliisha kwenye kilomita 22,000.

Kwa mwenye Subaru, mawili kuvimba si hasara ya mawili. Gari linavuta magurudumu yote manne, na fundi wangu wa Ndeeba, Mhaya mwenzangu, alinikatalia katakata kufunga mawili mapya na mawili yaliyolika. "Kaka, hayo mapya ni marefu, yaliyolika ni mafupi, mzunguko hautalingana. Difu ya katikati itafanya kazi mchana na usiku mpaka ife." Bei ya difu, gia inayogawanya nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, tunaijua. Kwa hiyo unaponunua matairi ya gari la namna hii, hesabu yako ianzie kwenye manne.

Basi Februari 2024 nikaanza upya, safari hii kwa utulivu, wiki tatu nzima.

Jambo la kwanza lililoniokolea pesa halikuwa duka bali saizi. 215/45R17 ni saizi ya watu wachache. Kila nilipouliza, duka lilikuwa na aina moja au mbili, nazo za zamani. Fundi akapendekeza 225/45R17, ambayo inakaa bila shida kwenye rimu zangu na inatumiwa na magari mengi ya Kijerumani na ya Kijapani. Nilipiga hesabu mwenyewe kabla ya kukubali: ubavu unapanda kutoka milimita 97 hadi 101, na kimo cha gurudumu zima kutoka milimita 625 hadi 634, ongezeko la asilimia kama moja na nusu. Spidomita ikisema 100, kwa kweli unakwenda 101 na kitu. Nikazungusha usukani mwisho kulia na kushoto kwenye gari la rafiki aliyeshabadilisha, hakuna kinachogusa. Ghafla nikawa na aina saba za kuchagua badala ya mbili, na wauzaji wanaoshindana.

Pili, nilijifunza kuuliza bei kwa maneno yale yale kila mahali: tairi hili, wiki na mwaka gani, pamoja na VAT, pamoja na kufunga na balansi, au bila? Bila swali hilo bei mbili hazilinganishiki. Tairi moja la Hankook Ventus V12 evo2 niliambiwa 610,000 kwenye duka la Industrial Area, 560,000 Kyaggwe, 520,000 duka la jirani yake, na 480,000 kwa dalali wa soko la vipuri la Kisekka. Ningekuwa yule wa 2022 ningekimbilia Kisekka. Dalali alikuwa mchangamfu, "ssebo, mpya kabisa", na kweli halikuwahi kufungwa kwenye gari. Lakini DOT ilisema 2019. Lilikaa miaka mitano ghalani, sijui kwenye jua au kivulini, na mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Lile la 520,000 lilikuwa la katikati ya 2023, na bei ilijumuisha risiti kamili. Tofauti ya 40,000 kwa miaka minne ya uhai wa mpira sikuiona kama akiba.

Mitumba niliiangalia pia, sitasema uongo. Kwa 150,000 unapata jina kubwa. Ila kashata nyingine zimechongwa upya kwa kisu cha moto ili mifereji ionekane mirefu, na unakuwa unaendesha juu ya mpira mwembamba karibu na nyuzi. Ukitaka kujua, tafuta vile vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha milimita 1.6, mwisho wa tairi. Kama mfereji umeingia chini kuliko kitako cha kinundu, ujue kisu kimepita. Nairobi niliulizia, na kwa karatasi kila tairi lilishuka kwa kama 60,000. Ukiongeza usafiri, na VAT ya Uganda ya asilimia 18 inayokungoja Busia, na dhamana iliyobaki upande wa pili wa mpaka, hamu inakwisha.

Mshindani mkuu alikuwa Michelin Pilot Sport 4. Binamu yangu anayo kwenye Golf GTI yake, saizi ile ile, 94Y. Hiyo 94 maana yake kila tairi linabeba kilo 670, na Y ni mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa, ambao hapa hatuna pa kuutumia. Aliniachia gari Jumamosi nzima, na ikanyesha, nashukuru. Sijawahi kuendesha kitu kinachoshika maji namna ile. Unakanyaga breki kwenye mteremko wa Kololo na gari linasimama kimya, kama limeshikwa na mkono. Usukani unakuambia kila kitu. Kama pesa isingekuwa swali ningesimama hapo. Bei niliyoipata ilikuwa 880,000 kwa moja, 3,520,000 kwa manne, na ubavu wake ni ule ule wa milimita 101. Shimo la Ndeeba haliulizi jina.

Nikachukua Hankook, 2,080,000. Nililipa kwa simu, nikachukua risiti ya EFRIS papo hapo, na nikasimama pale wakifunga. Ilikuwa vizuri nilisimama, kwa sababu haya ni matairi yenye mwelekeo: mifereji imekatwa kama V na ubavuni kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Kijana alikuwa ameshaanza kufunga la kulia kinyume. Likifungwa hivyo, mifereji haitoi maji nje inavyopaswa, na ukishindwa hapo umepoteza kile ulichokilipia. Alirekebisha bila ubishi. Nikatoka hapo moja kwa moja kwenda kufanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kwa 50,000. Seti ya Kichina ilikuwa imelika zaidi upande wa ndani, na sehemu ya lawama niliyoitupia kampuni ilikuwa ya gari langu.

Leo yana kilomita 31,000. Kwenye mvua ni hatua moja chini ya Michelin ya binamu, na hatua tatu juu ya yale ya kwanza na ya pili. Lwera nimepita mara nane, mbili kati ya hizo kwenye mvua kubwa, na usukani haujawahi kulegea kwa namna ile, ingawa kwenye maji bado sizidi 70. Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni. Kuanzia kilomita 20,000 kuna mvumo fulani kwenye lami chakavu, hasa kabla ya Mpigi. Kwenye murram ya kwenda shambani yanateleza kuliko nilivyotarajia, mifereji inajaa udongo mwekundu na kuushikilia. Ubavu mmoja umekwaruzika. Hakuna uvimbe.

Hesabu yangu ya bei ni hii. Yalipokuwa mapya nilipima kashata milimita 8, sasa ni 4.5. Mimi huwa nabadilisha kwenye 3, sisubiri 1.6, kwa sababu kwenye maji tairi linaanza kukusaliti mapema kuliko sheria inavyodai. Kwa mwendo huu yatafika kama kilomita 44,000, ambayo ni shilingi 47 kwa kila kilomita. Yale ya 300,000 yalinila shilingi 54 na zaidi kwa kilomita, bila kuhesabu siku nilizopoteza. Ili Michelin ifike 47 ningehitaji karibu kilomita 75,000, na kwa mashimo ya njia zangu sidhani kama ubavu ungeishi muda huo. Kwa anayeishi Entebbe na kupita barabara ya mwendokasi kila siku, hesabu inaweza kugeuka, na ningemwambia anunue Michelin.

Upepo naupima mwenyewe asubuhi kabla gari halijatembea. Kibandiko cha mlangoni kinasema 230 mbele na 220 nyuma kwa kilopaskali, yaani psi 33 na 32. Mafundi wengi wa pancha hujaza 40 kwa mazoea, na kila mara inabidi niombe wapunguze. Nilinunua geji ya 35,000 Kisekka, iko kwenye droo ya gari. Desemba nampeleka mama tena Bukoba, na kabla ya safari nitapima kashata zote nne. La nyuma kushoto linaonekana kulika kidogo kuliko wenzake, na nataka fundi aangalie bushi za upande huo kwanza.