Kitanda cha mtoto cha paini, Mafinga: kinafaa hasa nyumba yenye wanywaji

Nauza ulanzi, pombe ya mianzi, kwa hiyo asije mtu akasema nina chuki na pombe. Kitanda hiki nilikichongesha Mafinga, kwa fundi mmoja karibu na stendi, binti yangu alipokuja kwangu kujifungua. Laki na ishirini, bila godoro. Mbao ni paini, na paini kwetu si ya kutafuta, msitu wa kupandwa wa Sao Hill uko mlangoni.

Mnauliza kitanda cha nini wakati sote tulilala na mama zetu? Ni kwa sababu ya mkwe wangu. Kijana mchapakazi, mpole, ila mvua zikianza na mianzi ikigemwa, hashikiki, na sigara juu yake. Binti naye haachi kuonja. Mama anayenyonyesha na hajalewa, hata usingizini humsikia mtoto akijigeuza. Mkangafu, yaani ulanzi uliochacha ukawa mkali, unamwondolea usikivu huo. Anamlalia, au blanketi linamfunika mtoto uso, na kichanga hana nguvu ya kujinasua. Asubuhi msiba, kisha utasikia watu wakinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Nesi wa kliniki alitueleza bila kumung'unya: aliyekunywa, aliyevuta bangi au aliyemeza dawa za usingizi asilale na mtoto kitanda kimoja. Mvuta sigara pia, hata kama huvutia nje. Njiti na aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 ndio wa kuchungwa zaidi. Na mlevi kusinzia kwenye kochi na mtoto kifuani, hapo ni pabaya kuliko hata kitandani.

Sasa kitanda chenyewe. Nilikwenda na kopo la soda kupima fito: likipita katikati, nafasi ni kubwa mno. Fundi alinicheka, lakini fito mbili alizirudia. Kimo tulikipima kilingane na kitanda cha mama, kikae ubavuni kwake, amvute mtoto kunyonyesha bila kutoka kwenye blanketi. Hilo alilipatia kabisa. Vanishi ilinuka vibaya, tukakianika uani mpaka harufu ikaisha.

Godoro ndiko nilikogombana na muuzaji. Alining'ang'aniza sponji laini la kuzama, na vimito vya utepe pembeni. Nikakataa vyote. Godoro liwe gumu, lijae hadi kingoni, mto usiwepo, mtoto alale chali. Uingereza walianza kuwahimiza wazazi juu ya kulaza chali mwaka 1991, na vifo vya ghafla vya vichanga vikashuka sana.

Wenzangu wananipinga kwa hoja ya baridi. Kweli, Julai ya Mufindi si mchezo. Mtoto wetu analala na sweta jepesi juu ya nguo zake na soksi, na kitanda kiko chumba kilekile cha wazazi. Jiko la mkaa chumbani sitaki kulisikia, moshi wake usioonekana unaua nyumba nzima, walevi na wasio walevi.

Mkwe alinuna mwanzoni, akaona nimemwita mlevi. Nikamwambia baba, sijakwita, nimekuchongea mwanao kitanda. Siku hizi akirudi amechangamka anampungia mtoto mkono kwa mbali na kwenda zake kulala.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima droo ya chini, inakwama kila mvua ikinyesha, na fundi simu hapokei.